Mstari wa Kisigino

Saa moja asubuhi nyasi bado zina umande, na uwanja wa mazoezi hauna mtu isipokuwa mzee anayeutunza na kipa mmoja. Kipa anasimama katikati ya lango, anatazama nguzo ya kulia, anatazama ya kushoto, kisha anaanza kutembea polepole kwenda mbele huku akiburuta kisigino. Nyuma yake unabaki mstari mwembamba wa udongo, umenyooka utadhani umepigwa kwa rula.

"Kila siku unanichubulia nyasi zangu wewe!" mzee analalamika.

"Nivumilie mzee wangu. Nisipochora silali."

"Hata ukichora hulali. Macho yako hayo nayaona."

Mashabiki wanamwita Kitasa. Ana miaka thelathini na saba, kidole kimoja kilichopinda ambacho hakitaki tena kunyooka, na bega la kushoto linalomfanya avae shati kwa kusaidiwa tangu alipoliangukia vibaya mwezi uliopita. Jumamosi hii nchi yake inahitaji sare tu ili icheze fainali za bara kwa mara ya kwanza. Kwa vinyozi, kwenye foleni za benki, hata misibani, watu wanaulizana jambo moja: Kitasa atakaa langoni au hatakaa?

Nchi yenyewe ni ndogo. Ni ndogo kiasi kwamba kocha wa timu ya taifa akimwacha mchezaji nje, inabidi ajiandae kukutana na mama wa mchezaji huyo dukani. Beki wa kati ni muuguzi, na wiki hii amebembeleza wenzake wambadilishie zamu ili aje kambini. Beki wa kushoto anauza vipuri vya pikipiki. Wanaoishi kwa mpira peke yake hawafiki watano, na Kitasa ndiye aliyewafungulia njia.

Langoni hakuingia kwa mapenzi. "Mpira ulikuwa wa kaka yangu," anasimulia huku akicheka. "Na mwenye mpira ndiye anayepanga timu. Akaniambia, wewe kaa golini, usitusumbue. Ndiyo nikakaa mpaka leo."

Alipopata klabu ng'ambo, ya daraja la pili, alikaa benchi misimu miwili bila kuchezeshwa hata dakika moja. Mshahara wake haukuzidi wa mwalimu wa shule ya msingi, na nusu yake ilirudi nyumbani. Alilala chumba kimoja na winga aliyekoroma, juu ya duka la dobi ambalo mashine zake hazikupumzika. Baridi ya kwanza haitamtoka kichwani. "Nilidhani vidole vimebaki ndani ya mpira. Kumbe nilikuwa navyo, sivisikii tu."

Lugha ya wenyeji aliijua kwa kuwapigia kelele mabeki. Maneno ya kwanza aliyoyamudu yalikuwa toka, wangu na rudi nyuma. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, hamwachii hilo. "Mpaka leo akiomba chumvi mezani, jirani wa nyuma ya ukuta anashtuka," anasema.

Lakini alivumilia. Msimu wa tatu kipa wa kwanza aliumia, Kitasa akaingia, na hakutoka tena kwa miaka kumi. Kwa kijana kutoka nchi ambayo wachezaji wenzake walikuwa wakiitafuta kwenye ramani kwa kidole, hilo si jambo dogo, na aliyeliona hana budi kumvulia kofia.

Halafu ikaja ile mechi ya ugenini, miaka minne iliyopita.

Ili kuielewa, lazima kwanza uelewe kisigino. Kipa hana macho ya kisogoni. Mpira ukiwa mbele, hawezi kugeuka kila mara kuangalia nguzo zake ziko wapi. Kwa hiyo wengi huchora alama kutoka katikati ya lango. Wakiinamisha macho kidogo tu, wanajua wamesimama wapi. Na timu zinapobadilishana upande baada ya mapumziko, kipa anaingia kwenye lango ambalo mwenzake ameshalichora.

Siku hiyo pia sare ilitosha. Kipindi cha pili Kitasa alichelewa kutoka chumbani kwa sababu ya kufungwa bendeji, akafika langoni mwamuzi ameshaweka filimbi mdomoni. Akainama, akaona mstari upo, mzuri, umenyooka.

"Nikasema, kazi imeshafanywa," anakumbuka. "Uvivu huo. Hakuna jina lingine."

Kumbe kipa wa wenyeji alikuwa na tabia yake. Kwa kuwa alikuwa dhaifu kwenye kuruka kushoto, alichora mstari wake hatua moja upande huo, ili akisimama juu yake awe karibu na nguzo inayomtisha. Kitasa hakulijua hilo. Mechi ilipokaribia kwisha wenyeji wakapata faulo; akapanga ukuta, akatazama mstari, akasimama juu yake kwa moyo mweupe. Mpira ulipigwa kulia kwake. Aliruka kwa nguvu zake zote, akaukosa kwa urefu wa kiganja. Alipoanguka ndipo alipoziona nguzo, na akaelewa.

Bao moja kwa bila. Safari ya fainali ikafa pale pale.

Nyumbani jina lilibadilika: kwa muda mrefu watoto mtaani walimwita Mlango Wazi. Hakumweleza mtu habari ya mstari, maana aliona ingekuwa kutafuta pa kujifichia. Mama yake hakuuliza. Alimwekea chakula, akamwambia, "Kula kwanza mwanangu, hao watachoka." Walichoka kweli. Yeye ndiye hakuchoka kujilaumu, na inauma kumsikiliza mtu mzima akilisema hilo bila kupepesa macho.

Na sasa wapinzani wa Jumamosi ni wale wale.

Kocha, ambaye aliwahi kucheza naye, hakumzungusha. "Bega ni lako, mimi silioni kwa ndani. Alhamisi baada ya mazoezi nataja kikosi. Ukiniambia uko sawa, unacheza."

Jumatano jioni Kitasa alimpigia mkewe simu akitaka atiwe moyo. Mkewe akamuuliza, "Baba watoto, unataka kudaka au unataka kujisafisha?" Anakiri kwamba alisingizia mtandao, akakata simu.

Leo ndiyo Alhamisi. Wenzake wameshafika, na wapigaji wanapanga mipira. Nyuma ya lango anasubiri kipa wa pili, fundi umeme wa miaka ishirini na minne wanayemwita Ngazi kwa urefu wake. Kila likizo, kwa miaka mitatu, Kitasa amekuwa akimfundisha kazi bila kulipwa na mtu.

Mipira ya kulia anaidaka yote. Wa kwanza wa kushoto anaupangua, wa pili anaulalia, wenzake wanapiga makofi. Wa tatu haukuwa mkali. Mkono unafika umechelewa na mpira unapita chini yake.

"Bahati mbaya tu, kaka!" muuguzi anapiga kelele. Kocha naye anapiga makofi, tayari anaangalia zoezi linalofuata. Hakuna aliyeona kitu.

Kitasa anabaki amekaa kwenye nyasi. Kisha anainuka, anavuka uwanja, anasimama mbele ya kocha.

"Jumamosi mpe Ngazi."

"Kwa mpira mmoja?"

"Hata ule ulikuwa mmoja."

Kocha anamtazama, anamshika bega zima. Kitasa anarudi nyuma ya lango, anajifuta uso kwa glavu. Ni machozi, na hayafichi. Ameisubiri mechi hii miaka minne, na ameitoa kwa mkono wake mwenyewe huku hakuna aliyemlazimisha.

Ngazi anaingia langoni. Anauona mstari wa asubuhi, ule ulionyooka, wa mwalimu wake mwenyewe. Anautazama. Anaanza kuufuta kwa soli ya kiatu mpaka unapotea kabisa. Kisha anasimama, anatazama nguzo moja, anatazama ya pili, anageuka na kuburuta kisigino.

"Jamani nyasi zangu!" mzee wa uwanja anashika kichwa. "Sasa mmekuwa wawili!"

"We bwana mdogo," Kitasa anaita, "mstari wangu una kosa gani?"

"Hauna kosa, kaka. Ila umeuchora wewe."

Kitasa anacheka mpaka bega linamuuma. Msimu ukiisha anataka kurudi nyumbani moja kwa moja afundishe makipa, na mkewe ameshakubali kuhamisha cherehani zake. Jumamosi atakaa benchi.

"Kipindi cha pili kikianza sitaangalia mpira," anasema. "Nitaangalia miguu yake. Akiburuta kisigino tu, najua lango lina mwenyewe, na mimi nitakaa nishangilie kama watu wengine."