Fundi Bisundeo hakati tena kebo ya breki ya mkono

Saa moja asubuhi, Seaqaqa, kaskazini mwa Fiji. Bisundeo Maharaj, mwenye miaka sitini na mitatu, amechuchumaa kando ya lori dogo kuukuu lililojaa miwa. Gurudumu la nyuma la kulia linafuka moshi. Haligusi bado, anasubiri lipoe.

"Breki ya mkono nimeiachia, mjomba, lakini gari linavuta kama ng'ombe mkaidi," analalamika dereva, Jaynendra. "Ikate tu hiyo kebo. Wote wanakata."

"Umekuja kwangu au kwa hao wote?"

Miwa ilichomwa juzi. Ikilala siku nyingine itachacha, na kiwanda kinaweza kuikataa. Zamu ya Jaynendra kushusha kiwandani ni saa nne.

Bisundeo anazuia magurudumu mengine kwa magogo, anainua gurudumu hilo kwa jeki na kulizungusha kwa mkono. Haliendi. Analegeza kebo, anajaribu tena. Linazunguka.

"Ndani ya ngoma ya breki hakuna ubovu," anasema. "Kebo ndiyo imeshika. Kutu na vumbi la shamba. Ukivuta inakubali, ukiachia hairudi."

Kuikata ni dakika tano. Kuitoa, kuisafisha na kuipaka mafuta ni saa tatu.

Zamani naye alikata. Miaka sita iliyopita alikata ya lori la mdogo wake, Hansraj, msimu ukiwa umepamba moto. Wiki ileile, kwenye foleni ya kiwanda mteremkoni, jiwe lililozuia gurudumu badala ya breki ya mkono liliteleza. Hansraj alikuwa amesimama mbele ya lori, akinywa chai na wenzake.

"Yeye ndiye aliyeniomba," anasema Bisundeo, akifuta spana ileile mara mbili. "Lakini mkono ulikuwa wangu."

Tangu hapo anamsomesha Pratika, binti wa marehemu, anayejifunza uuguzi Suva, mji mkuu ulio kisiwa kingine. Wateja wengi wasiotaka kungoja wamemhama. Wanamwita Fundi Kesho.

Jaynendra, aliyekaa juu ya tairi, amesikia yote. Anatoa simu na kumpigia dereva mwenye zamu ya alasiri.

"Kaka, tubadilishane. Ndiyo, niko kwa Fundi Kesho. Cheka tu, ukimaliza unijibu."

Mwenzake anakubali. Jaynendra anafungua kitambaa chenye roti, chapati zilizokunjiwa mchuzi wa biringani, anamsogezea fundi kipande kikubwa.

Saa tano gurudumu linazunguka kwa kidole kimoja. Lori linaondoka, miwa bado mizuri. Bisundeo halitazami likishuka.

Jumapili iliyopita alimpigia Pratika, akamweleza kwa mara ya kwanza kazi aliyoifanya kwenye lori la baba yake.

"Akasema, 'Baba mkubwa, nina mtihani.' Basi. Hajanipigia tena."

Pratika anamaliza masomo Desemba. Bisundeo amepanga kwenda bandari ya Nabouwalu kumpokea melini.

"Asiposhuka," anasema, "nitangoja meli inayofuata."