Mfuta Matufe

Katika kazi zote za kusimama, kufuta matufe ya bolingi ndiyo kazi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuionea huruma. Wateja huingia ukumbini wakicheka, huvua viatu vyao, huvaa vya kukodi, huvingirisha matufe yao hadi pini zianguke, kisha huenda zao. Tufe likirudi limejaa mafuta yanayopakwa sakafuni ili liteleze, nani alifute? Mama Kitambaa. Ndivyo walivyomwita, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyemuuliza kama alikuwa na jina lingine. Kazi mbaya si mchezo mwema, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuajiriwa mahali ambapo mchezo wa mwenzio ndiyo kazi yako.

Alikuwa amechoka. Tuseme hivyo hivyo, tusipindepinde maneno. Uchovu wake haukuwa ule wa jioni ambao usingizi huuondoa. Ulikuwa umeingia magotini, ukapanda kiunoni, ukahamia huko na vyombo vyake vyote. Asubuhi mguu wa kulia ulimuuma kabla hajaukanyagia. Akifika kazini alisimama kwenye meza yake ndefu kati ya njia ya nne na ya tano za kurushia matufe, akachukua tufe la kilo sita au saba, akaliegemeza kifuani kama mtoto anayefutwa kamasi, akalifuta, akalirudisha, akachukua jingine. Mpaka saa nane mchana alikuwa hajakaa hata mara moja, maana pale mezani hapakuwa na pa kukaa.

Ndiyo maana habari ya kile kiti ilipomwingia kichwani, iligoma kutoka.

Mwanamke wa kaunta ya viatu alikuwa anaacha kazi mwisho wa mwezi, anakwenda kuishi kwa bintiye. Alikuwa na kiti kirefu chenye mto na chuma cha kuwekea miguu. Siku nzima anakaa, anauliza "namba ngapi?", ananyoosha mkono nyuma, anatoa viatu. Mama Kitambaa akajikokota hadi ofisini kwa meneja na kukiomba.

"Kiti ni chako," alisema meneja, mikono mifukoni kama kawaida yake. "Lakini kwanza nipate mtu wa kushika kitambaa. Wale watatu niliokuletea wote walishindwa."

Ni kweli walishindwa. Na hapa inabidi tumseme kidogo Mama Kitambaa, kwa sababu hakuwa malaika. Walishindwa kwa kuwa hakuwafundisha. Wa kwanza alifutia taulo, matufe yakatoka na manyoya kama vifaranga, na yeye akamtazama tu. Wa pili aliloweka vitambaa kwenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, vikakauka vikawa vigumu kama kadibodi. Wa tatu alifutia fulana kuukuu, akachoka, akaenda kuuza simu. Mama Kitambaa hakusema neno. Ujuzi wa kitambaa ndio uliokuwa mali yake pekee katika ukumbi ule. Akiugawa, abaki na nini?

Lakini sasa alikitaka kiti kuliko alivyotaka kubaki na siri zake. Na mtu alikuwepo, tena nyumbani kwake.

Mwanawe wa pekee alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, anayerudi mara mbili kwa mwezi na furushi la nguo chafu. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake wawili, mama mkwe na mkamwana. Mkamwana alikuwa fundi cherehani. Alishonea chumba cha mbele, karibu na mlango, sare za shule na pindo za suruali. Waliishi kwa adabu ya watu ambao kila mmoja anaogopa kumkosea mwenzake. Jioni moja mkamwana alimwona mama mkwe akivua viatu huku ameshika ukuta.

"Mama, si unifundishe mimi hicho kitambaa? Wewe ukae."

"Wewe una cherehani yako, mwanangu."

"Cherehani haitakimbia. Nitashona jioni."

Mama Kitambaa akakubali, na meneja akakubali: mkamwana ajaribiwe Jumamosi, siku ya mashindano ya chama cha wachezaji. Akiweza, Jumatatu mama mkwe anakalia mto.

Alhamisi walikwenda pamoja kununua vitambaa vipya. Mama Kitambaa alitoa kwenye mkoba kichupa kidogo cha dawa ya kikohozi ambacho ndani yake mlikuwa na mafuta ya sakafu ya ukumbini. Akadondosha tone kwenye kioo cha kaunta, akalipitishia kitambaa mara moja tu, akainama kutazama kama limebaki doa. Kitambaa cha kwanza kilisukuma mafuta pembeni. Cha pili kilinyonya nusu.

"Mama, unanunua kitambaa au unakaanga?" aliuliza mwenye duka.

"Wewe leta kingine, maneno weka akiba."

Cha nne, chenye vinyweleo vifupi vilivyobanana, kililamba tone lote. Mkamwana akakichukua, akakisugua kwa ukucha, akakiinua kwenye mwanga, akapitisha kidole ukingoni.

"Hiki ni kizuri, mama. Ila ukingo umeshonwa kwa uzi wa nailoni, utakwaruza matufe. Nitaufumua niushone upya kwa uzi laini."

Miaka kumi na tisa Mama Kitambaa alikuwa anazikata zile kingo kwa mkasi, na kila baada ya wiki chache kitambaa kinaanza kufumuka mkononi mwake. Hakuwahi kuwaza uzi. Binti huyu aliyekishika kwa mara ya kwanza alikuwa ameona jambo ambalo yeye hakuliona tangu aajiriwe. Alisema, "Vizuri, mwanangu," na njia nzima ya kurudi nyumbani ile "vizuri" ilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Alimfundisha hata hivyo. Kitambaa cha kwanza cha kutoa mafuta, cha pili cha kumalizia, na visikutane. Kunja mara nne, upande ukichafuka geuza. Tufe lifutwe likiwa limerudi sasa hivi, kabla mafuta hayajazama. Matundu ya vidole yafutwe mwisho. Kufua ni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, peke yake, visichanganywe na taulo wala nguo yoyote inayotoa manyoya. Kuanika ni kivulini. Pasi ni mwiko. Mkamwana alirudia yote bila kukosea, kama mtoto wa shule anayejua ataitwa mbele.

Ijumaa mchana Mama Kitambaa alirudi kutoka kazini, akajitupa kitandani karibu na dirisha. Nje, uani, mkamwana alikuwa anafua vile vitambaa ishirini na vinne, kingo zake zimeshonwa upya na kunyooka kama mstari wa rula. Alivifua vizuri. Alivisuuza mara tatu. Kisha akachukua chupa ya dawa ya kulainisha nguo, ile aliyokuwa akitilia sare mpya zisiwawashe watoto shingoni, akamimina kifuniko kimoja kwenye maji ya mwisho.

Mama Kitambaa aliiona. Alijua kabisa maana yake. Dawa ile huvipaka vinyweleo utando, na kitambaa chenye utando hakinyonyi mafuta, kinayatembeza tu. Yeye mwenyewe alikosea hivyo katika mwaka wake wa tatu, akateseka wiki nzima bila kujua kisa. Na katika mafundisho yote hakuwa ameitaja, kwa kusahau, si kwa ubaya.

Lakini sasa hakuwa amesahau. Alifungua mdomo, kisha akaufunga. Alijiambia amechoka, hawezi kuinuka. Uongo mtupu! Dirisha lilikuwa wazi, uani ni hatua sita, na mdomo hauhitaji magoti. Ila ndani yake kisauti kidogo kilikuwa kinasema: mwache akosee kidogo, kidogo tu, waone kwamba hii si kazi ya kila mtu. Akageukia ukutani na usingizi ukamchukua.

Jumamosi ilianza kwa sifa. Matufe yaling'aa, meza nzima ikanukia maua, na wanachama wakamwambia mkamwana kwamba hawajawahi kuona usafi wa namna ile. Mama Kitambaa alikuwa ameruhusiwa kukijaribu kiti. Alikaa kwenye mto, akaweka miguu kwenye chuma, na magoti yakatulia kwa mara ya kwanza kazini tangu aajiriwe. Kwa nusu saa alikuwa mtu mwenye furaha, na alikuwa karibu kuisahau ile chupa.

Wa kwanza kupatwa na mkasa alikuwa mwalimu mstaafu, mzee ambaye kabla ya kurusha hufumba macho na kuvuta pumzi mara tatu. Akavuta pumzi, akarudisha mkono nyuma, na tufe likamponyoka likaangukia nyuma yake, likabingirika chini ya viti huku wanawake wakiinua miguu na soda zikimwagika. Watu wakacheka, na mwalimu naye akacheka. Aliyefuata tufe lake lilihamia njia ya jirani. Kicheko kikapungua. Kisha zamu ikamfikia mwenyekiti wa chama. La kwake lilimwangukia kwenye kidole gumba cha mguu, naye akatamka neno ambalo mwenyekiti hapaswi kulitamka mbele ya wanachama. Hapo hakuna aliyecheka.

Pale mezani mkamwana alikuwa anafuta kwa nguvu zake zote, jasho linamtiririka. Kadiri alivyofuta ndivyo mafuta yalivyoenea. Alibadilisha kitambaa, akabadilisha tena, vyote vinateleza. Alinyanyua uso akamtafuta mama mkwe wake kwa macho, na macho yale hayakuwa ya lawama. Yalikuwa yanaomba msaada.

Mama Kitambaa aliteremka kitini. Alikwenda mezani, akavuta droo, akatoa vitambaa vyake vikuukuu vinne vyenye kingo zilizofumuka, akaanza. Alifuta matufe thelathini mfululizo bila kuinua kichwa. Baada ya robo saa mchezo ukaendelea, na wanachama, hata mwenyekiti aliyekuwa amekaa na mguu kwenye barafu, wakampigia makofi.

Meneja alikuja mbio. Kwa mara ya kwanza mikono yake ilikuwa nje ya mifuko.

"Mama Kitambaa, leo nimeona kwa macho yangu. Bila wewe ukumbi huu haupo! Ningekutoa hapa ningekuwa mwendawazimu. Kiti tutampa yule dada wa vinywaji, yeyote anaweza kugawa viatu. Lakini wewe, hapa, huna mbadala."

Alimpa mkono kama anayemvisha nishani. Wahenga walituonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hawakutuambia afanyeje anayesifiwa akakosa kiti. Mama Kitambaa alisema asante, akachukua tufe jingine. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na yeye alikuwa amekichimba akiwa amelala kitandani.

Walirudi nyumbani mchana. Mkamwana alikaa kwenye cherehani yake, hakushona. Mikono aliiweka juu ya sare iliyokatwa nusu.

"Nisamehe, mama," alisema. "Nimekukosesha kiti. Sijui nilikosea wapi. Nilifanya kila kitu ulichoniambia."

Rahisi ilikuwa kusamehe. Angesema tu "usijali, mwanangu, ni ajali ya kazini," akaingia chumbani kwake, akalala, na hakuna ambaye angejua hadi siku ya kufa kwake. Alikuwa amechoka kiasi cha kutaka iwe hivyo. Lakini roho ilimsuta pale pale aliposimama, akashika kizingiti.

"Ni ile chupa," alisema.

"Chupa gani?"

"Dawa ya kulainisha nguo. Ukiitia, kitambaa hakinyonyi tena."

"Hukuniambia."

"Nilisahau kukuambia. Lakini jana nilikuwa dirishani. Nilikuona unamimina."

Mkamwana alimgeukia taratibu. "Uliniona?"

"Nilikuona."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Niliogopa, mwanangu. Ulishika kitambaa siku moja tu ukaona kasoro ambayo mimi sikuiona miaka yote. Nikajiuliza, huyu akishika nafasi yangu, mimi nitakuwa nani pale? Nikadhani unaitaka kazi yangu."

Mama Kitambaa alingoja kelele, na angezipokea, maana alistahili kupigiwa. Mkamwana aliikunja ile sare, akaiweka pembeni.

"Mimi sikuitaka kazi yako, mama," alisema. "Chumba chako na changu ukuta ni mmoja. Kila siku nakusikia unavyopanda kitandani. Unahesabu moja, mbili, tatu, ndipo unauinua mguu. Nilitaka tu uache kuhesabu."

Siku zote Mama Kitambaa alidhani anahesabu kimoyomoyo.