Sikio la Kushoto la Kadogo

Kadi za maonyesho ya mifugo zilikuwa tatu ukutani kwa memsahibu, na zote zilikuwa na jina lake memsahibu. Kadi nyekundu ya ushindi wa kwanza ya mwaka hamsini na mbili, nyingine nyekundu ya hamsini na tatu, na ya bluu, ya nafasi ya pili, ya hamsini na nne, mwaka ule sungura walipoharisha njiani. Aliyekata majani ya sungura hao alfajiri alikuwa Bartholomeo Ngassa. Aliyewapepea kwa gunia bichi ndani ya treni kutoka Mwanza mpaka Shinyanga alikuwa Bartholomeo Ngassa. Aliyekesha na yule jike aliyeshindwa kuzaa, akamvuta mtoto kwa vidole viwili, nani? Basi nenda kasome kadi uone kama utalikuta jina lake.

Mume wa memsahibu alikuwa injinia kwenye mgodi wa dhahabu kule Geita. Bartholomeo aliajiriwa pale nyumbani kama mtunza bustani, na hiyo kazi ya bustani alikuwa anaiweza. Halafu memsahibu akarudi kutoka likizo ya Ulaya na kisanduku chenye matundu, na ndani yake sungura wanne wadogo ajabu. Mkubwa wao alienea kwenye viganja viwili. Kichwa mviringo, shingo huioni, masikio mafupi kama kidole gumba. Bartholomeo alidhani ni watoto, akangoja wakue. Akangoja miezi sita.

"Hii hapana kua," memsahibu akamwambia siku moja, anacheka. "Hii ni kubwa tayari."

Kwa Kiswahili chake hicho cha jikoni alimfundisha kila kitu. Wakizaliwa watoto na kufikisha miezi mitatu, aliwapanga juu ya meza ya barazani, akatoa rula na mizani. Sikio likizidi inchi mbili, mbaya. Uzito ukizidi ratili mbili na nusu, mbaya. Unywele mweupe mmoja tu kwenye manyoya meusi, mbaya. Meno yakipishana, mbaya sana. Waliofaulu waliitwa wa maonyesho, wakarudi kwenye mabanda ya mbao yenye paa la nyasi. Walioshindwa waliitwa wa kuchezea. Hao waligawiwa watoto wa Wazungu wa mgodini, na waliobaki aliambiwa Bartholomeo awachukue.

"Kula, peleka nyumbani, shauri yako," memsahibu alisema.

Hakuwala. Mkewe Apolonia alimshangaa sana. "Baba Zipora, nyama hiyo hapo inatembea jikoni, na wewe unaenda kununua dagaa!" Akamjibu kwamba nyama ile hata kijiko haijazi, lakini ukweli ni kwamba roho ilikuwa haimpi. Alichukua jike mmoja aliyekataliwa kwa ajili ya masikio marefu na dume mmoja aliyekataliwa kwa ajili ya kucha nyeupe, akawajengea banda la mabanzi nyuma ya nyumba yake kwenye kambi ya wafanyakazi. Majirani walimcheka mpaka wakachoka.

Uzao wa tatu ndio ukamtoa Kadogo.

Bartholomeo alimjua siku ya kumi, manyoya yalipoota. Mweusi ti, kama sufuria kwa nje. Alipofikisha miezi mitatu akaazima rula ya memsahibu bila kusema ya nini, akapima masikio: inchi moja na robo tatu. Akapima tena, ikawa ile ile. Akamfunua midomo, meno sawa. Akampuliza manyoya mgongoni, tumboni, kwapani, akitafuta unywele mweupe, na Apolonia mlangoni amejishika kiuno.

"Unatafuta chawa?"

"Mama Zipora, nyamaza. Huyu ni wa maonyesho."

Na tangu siku ile alikuwa na neno moja tu kifuani: kadi yenye jina lake. Siyo Bato, kama memsahibu alivyomkata kwa uvivu wa ulimi. Bartholomeo Ngassa, lote, kwa wino, mbele ya watu. Alikwenda kwa Cornel, karani wa mifugo, kijana wa watu mwenye adabu zake, aliyekuwa akiandikisha wanyama wa maonyesho ya mwaka hamsini na tano. Cornel akaandika. Memsahibu alipoliona jina kwenye orodha aliinua nyusi, kisha akasema vizuri sana, Bato, vizuri, na akaomba kumwona huyo sungura.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Memsahibu alimwinua Kadogo, akamgeuza huku na huku, na kile kicheko kikafutika usoni.

"Hii imetoka banda yangu?"

"Hapana, memsahibu. Imetoka kwangu. Wazazi wake ulinipa."

"Lakini mama yake ni yangu."

"Ulinipa, memsahibu. Ulisema mbaya."

Akasema anamchukua siku mbili tu, amwangalie vizuri. Siku mbili zikawa tisa. Kadogo akawa kwenye banda la mbao pamoja na wale wengine weusi, na Bartholomeo akawa anamlisha mnyama wake mwenyewe kama kibarua. Kila akiuliza anaambiwa kesho, Bato. Siku ya kumi alijikaza, akavua kofia, akasema mbele ya bwana injinia mezani kwamba anamtaka sungura wake. Bwana akamtazama mkewe. Kadogo akarudishwa, lakini memsahibu alinuna wiki nzima, na chai ya saa nne ya wafanyakazi ikakosa sukari.

Jumapili ile kaka yake Mabula alipita pale, anatoka nyumbani, yuko njiani kupeleka fahali maonyesho yale yale. Mabula ndiye aliyebaki na ng'ombe wa baba yao. Bartholomeo alikwenda misheni akiwa mdogo, akarudi na kusoma na kuandika, na zizi likawa limeshapata mwenyewe. Hawakugombana, ila Mabula alikuwa na tabia ya kumtazama mdogo wake kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Hicho ndicho walichotaka kukunyang'anya?" Mabula akamshika Kadogo masikio, akayageuza, akapekua. "Alama iko wapi? Nduhu! Hakuna kitu. Sasa wewe ungedai nini? Wao wana weusi kumi, wewe una mweusi mmoja. Wangekuonyesha mwingine wakasema wako huyu."

Maneno yale yalimwingia. Maana hata yeye, mtoto wa Ngassa, alijua tangu hajaota meno kwamba ndama wa kwao hatoki zizini kabla hajakatwa sikio. Mikato miwili kwenye ncha ya sikio la kushoto, iliyokaribiana. Ng'ombe akipotea hata nchi ya mbali, watu wakiona mikato ile wanasema huyu wa kina Ngassa. Ng'ombe mwenye alama ni ng'ombe mwenye kwao. Na Kadogo alikuwa hana kwao, anahamishwa tu mabanda kwa amri ya mwenye sauti.

Mabula alipoondoka, Bartholomeo alichukua wembe mpya, akauchemsha. Apolonia akamshika sungura kwenye khanga. Mkato mmoja, mkato wa pili, vidogo, vizuri, kazi safi kabisa. Akapaka majivu. Kadogo alipiga teke mara moja basi. Bartholomeo akamwinua, akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu zile siku tisa akalala usingizi wa mtu mwenye mali.

Sasa, jamani, mtu ana makosa gani hapo? Alifundishwa ubaya wa masikio marefu. Alifundishwa unywele, kucha, meno, uzito. Miaka minne ya kufundishwa! Hakuna aliyewahi kufungua mdomo kumwambia habari ya sikio lililokatwa, kwa sababu Ulaya hakuna mtu aliyewahi kufikiri kumkata sungura sikio.

Shinyanga siku ya maonyesho kulikuwa na vumbi na jua la kuchoma utosi. Sungura waliwekwa kwenye banda la turubai, na jirani yao, hatua ishirini hivi, palikuwa na zizi la mafahali. Memsahibu alikuwa ameleta jike wake mweusi anayeitwa Dachesi, na miguuni pake alilala mbwa wake mwenye kisiki cha mkia. Wake za Wazungu wa mgodi wa almasi walileta wao. Kwenye pembe ya meza lilikaa sanduku la mabanzi lenye kijikaratasi cha Cornel: Bartholomeo Ngassa. Watu wa nyumbani walikuja kuchungulia, Mabula akiwa mbele yao na fimbo yake.

Mwamuzi alikuwa mzee wa Kizungu mwenye miwani ya kamba, mpole. Aliwatoa mmoja mmoja. Alipofika kwa Kadogo akatulia. Akamweka juu ya gunia, akarudi nyuma hatua mbili, akamtazama. Akampima. Akampuliza manyoya. Akamwita mwenzake aje aone. Bartholomeo akaanza kuamini, maana uso wa mzee yule ulikuwa umefunguka kabisa, na memsahibu upande wa pili alikuwa ameuma midomo.

Kisha mzee akashika sikio la kushoto. Akavua miwani, akaivaa tena. Akamwambia Cornel neno, na Cornel akageuka.

"Bwana Bartholomeo, mwamuzi anasema huyu ndiye sungura bora kuliko wote mezani. Lakini anauliza, sikio hili limefanya nini?"

"Kwani lina nini?"

Cornel akasogea, akateremsha sauti. "Nisikilize vizuri. Kama amejichana kwenye waya wa banda, hiyo ni ajali, atapunguziwa kidogo tu na bado atashinda. Kama amekatwa na mtu, anatolewa. Anageuka wa kuchezea. Sheria yao ndivyo ilivyo." Akamtupia mwamuzi jicho. "Sema ni waya, ndugu yangu. Sema waya, niandike kadi."

Neno moja. Bartholomeo alishalifungulia mdomo. Kadi ilikuwa pale mezani, nyekundu, tupu, na kalamu juu yake. Akainua macho akakutana na ya Mabula, na nyuma ya Mabula wale watu wote wa nyumbani, na hapakuwa na hata mmoja asiyeijua mikato ile. Kusema ni waya ilikuwa sawa na kusema mnyama huyu simjui ni wa nani. Kwao mtu aliyekana alama ya baba yake mbele ya watu alikuwa hana la kudai tena, wala ng'ombe, wala kaburi.

"Nimekata mimi," akasema. "Ni alama ya kwetu. Mwambie hivyo hivyo."

Cornel alifumba macho kidogo kabla ya kutafsiri. Mzee akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, akamrudisha Kadogo sandukuni kwa mikono miwili, akapiga mstari mrefu juu ya karatasi.

Hapo Bartholomeo uvumilivu ukamwishia. "Muulize," akasema, sauti imepanda mpaka watu wa mafahali wakageuka. "Muulize fahali wa kaka yangu pale amefungwa utepe wa mshindi kwa nini? Si ana mikato hii hii? Wembe ule ule, sikio lile lile! Na mbwa wa memsahibu, nani alimkata mkia? Mbona hajaitwa mlemavu?"

Cornel akatafsiri nusu, kwa hofu. Jibu likaja kwa upole: ng'ombe anatazamwa nyama, sungura huyu anatazamwa umbo. Ya mbwa hayakujibiwa. Memsahibu alikuwa amekuwa mwekundu.

"Pole, Bato," akasema. "Mimi ningekuambia. Kwa nini wewe hapana uliza?"

Kwa nini hakuuliza! Alitaka kumwambia kwamba ni kwa sababu yako, mama, ni kwa ajili ya siku tisa zako mkato huu ulikatwa. Mabula alikuja akamwekea mkono begani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu wawe watu wazima, na Bartholomeo akautoa ule mkono, kwa sababu wakati ule heshima ya kaka haikuwa kitu alichokitaka. Alitaka kadi. Alilelewa na alama ile na sasa aliichukia, na aliichukia zaidi nafsi yake kwa kuichukia.

Kadi nyekundu akapewa Dachesi.

Mpiga picha wa gazeti akafika na mashine yake ya miguu mitatu. Akamwomba memsahibu amshike mshindi kifuani. Dachesi hakuwahi kumpenda memsahibu, akamparura mkono kwa kucha, gauni likachanika. Akajaribu tena, akapigwa tena. Mpiga picha akatazama jua, akatazama saa.

"Bato," memsahibu akasema, "njoo shika wewe. Simama hapa karibu na mimi."

Akaenda. Angefanya nini? Kazi ni kazi, na Dachesi alikuwa anatetemeka, na mnyama hana kosa. Akamshika kama alivyomshika tangu alipomvuta tumboni mwa mama yake kwa vidole viwili, na Dachesi akatulia tuli. Memsahibu akainua kadi yake, akatabasamu.

Picha iliwekwa kwenye kioo, ikatundikwa sebuleni chini ya kadi ya nne. Siku ya kwanza kuifuta vumbi, Bartholomeo aliisogelea ajitafute. Memsahibu yumo, kuanzia kofia mpaka kiuno. Dachesi yumo, masikio wima, kila unywele unaonekana. Mpiga picha alikuwa ameikata picha pembeni ili ienee kwenye kioo, na kilichobaki cha Bartholomeo Ngassa ni mikono miwili imemshika sungura vizuri sana.