Mitaro Miwili ya Katunge

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Katunge Ndolo aliumwa na radi. Miaka mitatu iliyopita, kwenye shamba la utafiti wa mbegu anakofanya kazi, upande wa Kiboko, radi ilichoma swichi, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta za ofisini na kabati la pamoja la data lililo jengo la pili. Swichi ilikuwa moja, kebo pia moja. Vipimo vya msimu mzima wa kunde, vilivyokuwa vikiandikwa saa ileile, vikaharibika. Mtafiti mwenyewe, Daktari Mbithi, hakumfokea. Alisema tu, "Tutapanda tena." Heri angemfokea, maana fundi wa mtandao alikuwa Katunge, na ni yeye aliyesema kebo moja inatosha.

Tangu hapo akawa mtu wa mbilimbili. Kwao Matinyani dada zake humcheka kwamba hubeba miavuli miwili, na ni kweli hubeba. Aliporuhusiwa kujenga mtandao upya, alichora swichi mbili, moja ikitumia stima na nyingine sola, na kila kompyuta akaipa kebo mbili. Njia moja ikifa, data ipite ile nyingine bila mtu kungoja. Na kati ya majengo akachora mitaro miwili: mmoja upite mbele karibu na geti, wa pili uzunguke nyuma ya mbaazi, mbali kabisa, ili jembe moja lisikate njia zote.

Waliochimba ni mwethya, kikundi cha akina mama wa jirani wanaosaidiana kazi, ambao ndio hupokea mbegu za kwanza za shamba lile. Mwethya haulipwi, hulishwa. Katunge aliwapikia isyo sufuria kubwa, mahindi na maharagwe yaliyoiva yakalainika, akawaonyesha mistari ya chokaa, kisha akaenda Kitui kumpeleka mamake kliniki. Aliporudi kesho yake mitaro ilikuwa imefukiwa, na paipu mbili za kupitishia kebo zinachungulia kila upande palepale alipochora. Akashukuru, akapitisha kebo zake.

Siku ya majaribio alimwalika Mumbua, kiongozi wa mwethya, aje ajionee. Mbithi akawa anaingiza namba kwenye kompyuta. Katunge akachomoa kebo ya kwanza, namba zikaendelea. Akairudisha, akachomoa ya pili, zikaendelea. Akazima swichi moja nzima, bado zikaendelea. Mbithi alipiga makofi kama yuko kanisani, na Katunge akahisi kifua kimefunguka.

"Kunde tunaanza kupima Jumatatu," Mbithi alisema. "Sasa siogopi."

Mumbua hakupiga makofi.

"Katunge, na jembe likikata huko chini?"

"Likate tu, mwaitu. Mtaro wa pili si uko mbali? Si mlichimba nyinyi wenyewe?" Katunge alimjibu, akimwita mama kwa Kikamba.

Mumbua alitazama chini. Lakini mficha uchi hazai, naye amezaa sita.

"Tulikula isyo yako, siwezi nyamaza. Huko nyuma tulipata jiwe, kubwa kama ng'ombe amelala. Wewe umeenda, chakula tumekula, tukaona aibu kuacha kazi nusu. Tukarudisha paipu mpaka kwa ule mtaro wa geti, zikalala pamoja. Halafu huku mwisho tukaitoa pale ulichora."

Kuchomoa kebo mezani hakuonyeshi kilichozikwa. Katunge alikasirika, tena sana, kwa muda wa kumeza mate. Kisha akajiona mwenyewe. Yeye anayekagua kufuli mara mbili hakuufukua mtaro hata mahali pamoja, kwa kuona aibu kuwachunguza akina mama waliomchimbia bure.

"Jiwe mngelizunguka, mwaitu. Si lazima mtaro unyooke."

"Hukutuambia."

"Ni kweli. Sikuwaambia."

Jumamosi mwethya ukarudi. Walilizunguka lile jiwe wakilitukana kwa Kikamba, na safari hii Katunge alipika, akakaa, akashika sepeto mwenyewe mpaka udongo wa mwisho. Mbithi akaanza kupima kunde zake Jumatatu kama alivyopanga.

Wiki ya tatu Katunge alitoka Matiliku kununua betri, akamkuta fundi wa maji amechimba karibu na geti. Kebo ilikuwa imekatwa vipande viwili, imetupwa juu ya udongo.

"Umekata saa ngapi?"

"Ilikuwa kama saa tatu, madam. Nilidhani ni ya zamani."

Katunge alikimbia hadi ofisini, roho mkononi, akiona kunde za msimu mzima zikipotea tena. Alimkuta Mbithi ameinama mbele ya kompyuta, anaandika.

"Daktari, mtandao uko aje?"

"Uko aje vipi?"

"Kebo ya geti imekatwa. Tangu saa tatu."

Mbithi akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa inakaribia saa sita. Akafungua vipimo vyote vya asubuhi, akavipitia kimoja kimoja. Vyote vilikuwepo.

"Basi usinisumbue," alisema, "niko kwa kipimo cha mia nne na kumi."

Katunge alitoka nje, akaketi kwenye ngazi, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Halafu akampigia Mumbua simu.

"Mwaitu, wamekata mtaro wa geti."

Mumbua akauliza, "Na ule wa jiwe?"

"Ule wa jiwe ndio unabeba kila kitu."

Akamsikia Mumbua akiwaita wenzake huko shambani, na vigelegele vikaanza.