Mfongo wa Mababu

Kila ninaponusa udongo uliofukuliwa, namkumbuka bibi yangu.

Mvua kubwa iliporomosha mlima, ikafukia mfongo, mfereji wa maji uliochimbwa na mababu. Bwana shauri, mtawala wa wilaya wa kikoloni, alituambia tuuache. Wanaume walichimba wiki nzima wasijue tena ulikopita, na jua likaanza kunyausha migomba.

Bibi akawaendea. "Mimi napajua."

"Mama, ni mwiko mwanamke kupanda hadi chanzo cha maji," alisema mzee wa mfongo. "Umepajuaje?"

"Nilikuwa nikimfuata baba kwa siri, nilipokuwa kama huyu mjukuu wangu," akajibu, akinishika bega.

 Mzee akasogea, akampisha.

Bibi alipanda polepole, akasimama, akapiga mkongojo chini: "Hapa." Wanaume wakachimba, majembe yakagonga mawe ya kale ya mfongo.

Maji yaliposhuka, wanaume walishangilia. Bibi aliketi ukingoni, akatumbukiza miguu yote miwili, akacheka kama msichana.