Kilio cha Shemeji

Baba alipopunguzwa kazi kwenye shirika la umma lililokuwa likiuzwa, kaka yake alivuka na kivuko cha Kigongo, akaja hadi kwetu Kiseke kumwambia neno moja: rudi. Kwao Sengerema kulikuwa na shamba la pamba lililokosa mikono. Baba alikataa. Alisema nchi imefunguliwa, sasa kila mtu mfanyabiashara, naye atauza vifaranga. Baba mkubwa akaitazama mikono yake ya ofisini, akacheka.

"Wakikufia, njoo. Nitakuchongea mpini."

Kwa hiyo mashine ile ilikuwa na kazi mbili: kutotoa mayai, na kumzuia baba asirudi kijijini. Fundi wa Buzuruga aliitengeneza kwa mbao: sanduku lenye kioo kidogo mbele, chini taa ya chemli ya kuleta joto, ubavuni matundu ya hewa. Umeme wa siku zile haukutegemewa hata kwa kupigia shati pasi. Baba aliyageuza mayai kwa mkono, kwa upole ambao mimi na mama hatukuwahi kuuonja.

Mimi nilikuwa nyumbani kwa sababu chuo kilifungwa baada ya mgomo. Asubuhi mayai yalipoanza kupasuka tulipiga magoti pamoja, tukachungulia kiooni. Vifaranga vilitoka vimelowa, vibaya, shingo kama nyuzi, kisha vikakauka vikawa vya manjano. Baba alitokwa na machozi. Nilijifanya sijaona.

Mchana upepo wa ziwani ukaleta mvua ya baridi. Baba akatoa blanketi la kitandani kwao, akaifunika mashine pande zote, akalikaza kwa kamba.

"Baba, na matundu?"

"Kichanga hufunikwa. Hata wewe ulifunikwa."

"Sikufunikwa pamoja na taa inayowaka."

"Chuo wamekifunga," alisema, "domo lako wamelisahau."

Sikuwa na uhakika wowote. Nilikuwa nahoji kila kitu, hata kwa nini tunauombea ugali ambao umeshapoa, na swali hili lilichukuliwa kama yale mengine. Mvua ilipokatika, baba alivaa shati lake la kazini, akaenda stendi ya Buzuruga kumwita shemeji yake.

Huyo ni mama mdogo, mdogo wake mama, muuza mitumba mwenye ulimi mkali. Kwetu shemeji ni mtani. Anaweza kukudhihaki mbele ya mchungaji, anaweza kukucheka kwenye msiba wa mama yako, nawe huruhusiwi kununa. Ukinuna, mwenye kosa ni wewe. Tangu mayai yaingie kwenye mashine alikuwa akimwita baba "mtetea". Ndiyo maana baba alitaka yeye awe wa kwanza kuona.

Baba alifungua kamba mwenyewe, polepole, akitabasamu, akaondoa blanketi, akainua mfuniko. Taa ilikuwa imezimika, kioo chake cheusi kwa masizi. Vifaranga vilikuwa vimerundikana ubavuni, midomo wazi. Vingine vilikuwa vimekwama vichwa kwenye matundu.

Mama mdogo alitazama mara moja tu. Akajifunga kanga kiunoni, akatoka uani, akapiga yowe la msiba.

"Wanangu jamani! Dada yangu kafiwa!"

Majirani walikuja mbio. Mmoja aliponiona nimesimama mlangoni, mzima, alishika kifua. Alidhani maiti ni mimi.

"Nani? Nani amefariki?"

"Ingieni mwone! Serikali imempunguza yeye, na yeye kaenda kuwapunguza wenzake!" Aligaagaa chini, kweli aligaagaa. "Shemeji, hata mochwari wana dirisha!"

Watu walichungulia ndani ya sanduku, wakaelewa, wakacheka. Baba naye alicheka. Alicheka kwa sauti, kama utani unavyodai. Mama alijizuia, akaziba mdomo kwa kiganja, kisha akashindwa, na kicheko chake kikawa kikubwa kuliko vyote. Hapo baba alimgeukia. Alimtazama kitambo, akiwa bado anacheka.

Ndipo kitu kikatikisika chini ya rundo. Kifaranga kimoja kilikuwa hai.

"Kumbe tuna yatima!" mama mdogo akapiga makofi. "Huyu tumpe jina lako, shemeji. Kila nikipita hapa nitauliza, mwenye mashine hajambo?"

Baba akakichukua, akakiweka kiganjani. Kikalia kidogo. Akafunga vidole. Nikaona mishipa ya mkono ikisimama, na uso wake bado unacheka. Alipofumbua kiganja, alikirudisha sandukuni juu ya wenzake.

"Wamekwisha wote," alisema.

Majirani wakaondoka mmoja mmoja. Mama mdogo alijikung'uta vumbi, akaifunga upya kanga yake.

"Utani tu, shemeji," alisema.

"Najua," baba akajibu.

Nilimuuliza mama, ni nani aliyeweka sheria kwamba aliyeumizwa ndiye acheke zaidi? Akanituma kuchota maji.

Wiki iliyofuata baba alivuka Kigongo akiwa na begi moja. Hakutaka nimsindikize. Baba mkubwa alikuwa ameshachonga mpini.