Waitikiaji wa Bibi

Moshi wa korosho ukikuingia puani utotoni, rafiki yangu, hautoki. Mwaka huu nilipofika Magomeni, Mtwara, nikitokea Dar es Salaam, niliunusa kabla sijaiona nyumba yetu, machozi yakanitoka. Nikasingizia moshi huohuo.

Nilikuwa nimeitwa na mwalimu wa muziki anayekaa Shangani, binti mdogo tu. Alikuwa amesikia kwamba bibi yangu mzaa mama alitunga nyimbo za Kimgao, lugha ya kale ya pwani yetu ambayo siku hizi hata wazee wanaiokoteza. Akamwita mtunzi. Sisi nyumbani hatukuwahi kumwita hivyo. Yeye alikuwa Bibi, na nyimbo zake zilikuwa kelele za kubangulia korosho.

Msimu ukifika, uani kwetu hapakukalika. Korosho zilikaangwa kwenye bati lililotobolewa, mafuta ya maganda yakishika moto na kufukiza weusi mpaka kwa majirani. Kisha wanawake walikaa mkekani, wakajipaka majivu viganjani utomvu usiwababue, wakaanza kugonga maganda kwa vijiti. Bibi alitoa mstari, wao wakaitikia, vijiti vikafuata. Mimi nilikaa ubavuni pake nikipeta. Katikati ya kazi ililetwa ming'oko, mizizi ya porini iliyochemshwa kwa chumvi, na mtoto aliyekuwa mchezoni hakuwekewa. "Asiyekuwapo na lake halipo," Bibi alisema, huku akila fungu la mtoto huyo bila haya.

Adabu ilikuwa moja: mstari wa kiongozi haukuguswa na mwingine. Hata Bibi alipougua, wenzake walibangua kimya. Alipofariki, nyimbo zikaishia hapo. Korosho ziliendelea kwenda bandarini, nyingi zikiwa na maganda yake, na uani kwetu pakaota majani.

Katika wale wanawake amebaki mmoja, jirani yetu, ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Kimgao hakukijua, aliitikia maneno aliyofundishwa na Bibi, na ameyashika hadi leo. Mwalimu alimrekodi, akaambulia viitikio vitupu. Kila alipomwomba aimbe na mistari ya mbele, jirani alikataa kwa upole, akasema aitwe mjukuu, maana mjukuu ni damu yake. Ndipo nikapigiwa simu nije haraka, kwa kuwa jirani kifua kinambana na kila mwezi sauti yake inapungua.

Nilimwamkia, nikakaa naye mkekani pamoja na wasichana wanaofundishwa na mwalimu. Niliogopa kweli, maana njia nzima nilikuwa nimejaribu kukumbuka nikatoka mikono mitupu. Lakini nilipopewa ungo nikaanza kupeta, mistari ikaja yenyewe, na jirani akawa anaitikia kabla sijamaliza. Wimbo baada ya wimbo tuliupata. Sijafurahi hivyo miaka mingi.

Ukabaki wimbo wa kufungia kazi, ule walioimba wakati wa kunawa majivu. Huo sikuwa nao kabisa. Saa hiyo kila siku nilikuwa bombani, nimetumwa kuteka hayo maji ya kunawia.

Mwalimu akauliza kama atunge mistari mipya mahali pa ile iliyopotea. Niseme kweli, mimi nilikuwa tayari kukubali. Jirani akatikisa kichwa.

"Mwachieni mwenyewe nafasi yake," alisema. "Tugonge, tungoje, halafu tuitike."

Tukafanya hivyo. Pale pa Bibi pakapita vijiti peke yake, na mimi nikajikaza nisilie mbele ya watoto wa watu. Kisha jirani akaitikia kwa ile sauti yake iliyobaki, wasichana wakamfuata, maneno ambayo kwa Kiswahili cha leo ni haya: tumekusikia, mama, tuongezee.

Mkeka ule wa zamani ulishaoza. Waliokuwa wakiukalia karibu wote wamelala makaburini, na lugha yao haisikiki tena sokoni wala nyumbani. Ninawakumbuka mno. Lakini siku ile methali ya Bibi haikunikaa sawa. Yeye hakuwapo, na lake lilikuwapo.

Tukaanza kugonga tena, tukamngoja.